Egemeo la kiti mwendo linapasuka kila mara, mtoto anajinyoosha kwa nguvu. Nifunge springi?

fundi_skwea

Wakuu, habari za kazi.

Kiti ni cha binti wa miaka 9, kilo 24, ana mtindio wa ubongo na misuli inayokaza sana. Akitulia anakaa vizuri. Akishtuka, akicheka au akitaka kitu, mwili wote unanyooka kwa mpigo: kichwa nyuma, kiuno mbele, miguu inasukuma kikanyagio. Ni sekunde tatu nne, kisha analegea, lakini kiuno hakirudi kilipokuwa. Mama yake inabidi amnyanyue na kumkalisha upya.

Bomba za egemeo ni za duara, mm 22, unene mm 1.2. Zimepasuka mara mbili, zote pembeni mwa mshono wa kuchomelea, juu kidogo ya reli ya kukalia. Baada ya mara ya kwanza niliweka pembetatu ya bati kuimarisha. Ufa ukahamia sm 3 juu, pale pembetatu inapoishia.

Sasa nataka egemeo liende naye nyuma na lirudi naye. Mpango ni bawaba mbili nene za geti kwenye kona ya nyuma ya ubao wa kukalia, na kwa nyuma shokapu moja ya baiskeli, springi yake imeandikwa 750. Bawaba pale ni sawa? Springi hiyo inafaa? Na mkanda wa kiunoni ufungwe kwenye egemeo au kwenye fremu ya kukalia?

---

TibaKazi_Tanga

Fundi, wazo ni zuri ila usikate bomba bado. Egemeo la springi linamsaidia mtoto anayejinyoosha kisha akalegea. Halimsaidii anayenyooka kwa sababu kiti chenyewe kinamvuta. Hao wawili wakiwa wamekaa wanafanana, ukiwalaza ndipo unawatofautisha.

Mlaze chali kwenye meza au mkeka, si kwenye godoro. Mtu mmoja ashike fupanyonga kwa mikono miwili, vidole gumba kwenye ile mifupa miwili inayotokeza mbele ya kiuno. Wewe pandisha goti moja taratibu kuelekea tumboni, goti likiwa limekunjwa. Mwenzako akihisi fupanyonga linaanza kuviringika chini ya vidole vyake, simama hapo hapo na usome pembe. Usiende haraka, maana ukimharakisha misuli inakaza na utapima mkazo badala ya kiungo. Nyonga ikikunjika nyuzi 90 au zaidi, unaweza kuanza na egemeo lililo wima. Ikigoma kwenye 75 halafu ukamkalisha kwenye kiti cha 90, atakuwa anajinyoosha mchana kutwa, na hapo dawa ni kufungua pembe kati ya ubao wa kukalia na egemeo ifike 105. Springi haitafanya lolote. Kipimo hiki kimo kwenye mafunzo ya WHO ya huduma ya viti mwendo ngazi ya kati, ya mwaka 2013, lakini ndicho kinachorukwa kuliko vyote kwa sababu kinahitaji watu wawili na robo saa.

Kipimo cha pili ndicho ninachokishuku zaidi kwa huyu binti. Nyonga ikiwa kwenye 90, shikilia paja lisisogee, kisha nyoosha goti polepole mpaka fupanyonga lianze kusogea. Andika pembe kati ya paja na mguu wa chini. Viti vya kukunja vya aina ya hospitali vimetupa vikanyagio mbele, goti linakaa kwenye 110 hadi 120. Misuli ya nyuma ya paja imeanzia kwenye mifupa ya kukalia, kwa hiyo goti likinyooshwa kupita uwezo wake, misuli hiyo inaivuta mifupa mbele na kiuno kinateleza. Nyumbani wanasema mtoto anajisukuma. Kumbe anavutwa.

Ikiwa ndivyo, rudisha kikanyagio nyuma, hata kama nyayo zitaingia chini ya kiti. Kata ukingo wa mbele wa godoro la kukalia kwa mshazari upande wa chini ili shavu la mguu lipate nafasi. Zungusha magurudumu madogo ya mbele pande zote uone kama yanagonga visigino.

Pima pia kina cha kukalia, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sm 2 hadi 3. Pima miguu yote miwili. Kama paja moja linaonekana fupi, au halipanuki kwenda pembeni na mtoto analia ukiligusa, acha kazi ya chuma, aende kupigwa picha ya nyonga kwanza. Nyonga iliyotoka inauma, na maumivu peke yake yanatosha kumfanya anyooke.

---

Beringi6201

Namuunga mkono dada wa Tanga, anza na vipimo vyake. Mimi nijibu la chuma.

Bawaba kwenye kona ya kiti, hapana. Hapo ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoharibikia, kisha lawama inaangukia springi.

Mtoto hakunjuki kwenye kona ya kiti. Anakunjukia nyonga, na nyonga iko juu ya godoro na mbele ya egemeo. Tuseme iko sm 12 juu ya bawaba yako na sm 12 mbele yake, godoro na sponji ya mgongoni vikiwemo. Egemeo likifunguka nyuzi 15, mgongo unazungukia kituo chake na egemeo linazungukia chake. Ukipiga hesabu, egemeo linapanda sm 3.5 juu ya mgongo wake na linamwacha kwa sm 2.7. Yaani egemeo la kichwa lililokuwa kisogoni linakwenda utosini, na vizuizi vya ubavuni vinaingia kwapani. Ile nafasi ya sm 2.7 kiuno kinaijaza kwa kulala nyuma, kwa hiyo springi ikimrudisha anarudi akiwa amekalia mkia. Tatizo lile lile ulilolikimbia.

Ukitaka kukagua kiti cha mtu mwingine bila kufungua chochote, tazama shati. Mtoto akishajinyoosha mara kumi na shati limepanda mgongoni na kujikunja chini ya makwapa, pini ambayo egemeo linazungukia haiko kwenye nyonga.

Tengeneza hivi. Kila upande chomelea bati la mm 4 kwenye fremu ya kukalia, lipande hadi usawa wa nyonga. Kwenye mwili wake tafuta kile kifupa kinachotokeza ubavuni mwa nyonga, akiwa amekaa kwenye godoro lake lenyewe, lililokwisha kubonyea. Hapo ndipo pini. Toboa matundu matatu kwenda mbele, sm 2 kati ya moja na jingine, maana atakua. Egemeo lishuke na mkono wa flati baa ya mm 30 kwa 6 unaopinda kuja mbele hadi kwenye pini. Pini ni bolti M12, yaani ya mm 12, ya daraja la ugumu 8.8, sehemu isiyo na uzi ndiyo izungukie, na nati yenye plastiki ndani. Kabla ya kuchomelea pitisha nondo moja iliyonyooka kwenye matundu ya kulia na kushoto. Pini zisipokuwa kwenye mstari mmoja, egemeo litakwama nusu ya njia, nawe utadhani springi ni ngumu.

Jina langu lisikudanganye, hapa beringi haifai. Egemeo linacheza nyuzi 15 tu, kwa hiyo gololi zinagonga sehemu ile ile kila mara, grisi inakimbia na chuma kinachimbika. Weka bushi ya nailoni au shaba, ndani mm 12, urefu mm 20.

Mikono ya kusukumia kiti ibaki kwenye fremu isiyosogea. Ukiiacha kwenye egemeo, kila mama anapokivuta kiti kupanda ngazi egemeo linafunguka na mtoto anamwangalia juu chini.

Kabla ya springi nahitaji namba mbili: anasukuma kilo ngapi, na juu ya nyonga kwa sm ngapi. Funga ubao wa muda wenye bawaba, uzuie kwa nyuma na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, iliyofungwa kwenye nguzo. Mwache ajinyooshe mara tano au sita mwenyewe, usimshtue makusudi. Chukua namba inayojirudia, si ile moja ya ajabu.

---

fizio_mvita

Fundi, shukran kwa swali. Nijibu la mikanda, maana kosa la hapo linaumiza mtu, si bomba.

Mkanda wa kiunoni ufungwe kwenye fremu ya kukalia, isiyosogea. Upite chini ya ile mifupa miwili ya mbele ya kiuno na ushuke kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 90 ukilinganisha na ubao wa kukalia. Ukiufunga kwenye egemeo, kila likifunguka mkanda unapanda tumboni na kumkaba.

Mikanda ya kifuani ni kinyume chake. Ncha zote, za juu na za chini, zikae kwenye egemeo linalosogea. Ikiwa za juu ziko kwenye egemeo na za chini kwenye fremu, mkanda utakaza kifua kila anaponyooka. Wakati wa kumfunga anza na kiuno, kifua kifuate. Wakati wa kumfungua, kifua kwanza, kiuno mwisho. Sababu ni moja: mtoto aliyefungwa kifua bila kiuno akiteleza, mkanda unaishia kooni. Mwandikie mama kwenye karatasi na uibandike kwenye kiti.

Kizuizi cha mkazo si mkanda peke yake. Chonga ngazi kwenye godoro mbele ya mifupa ya kukalia, sm 2 kwa mtoto wa umri huu, ili mifupa igote ikitaka kwenda mbele. Ngazi ianzie mbele ya mifupa. Ikiwa chini yake atakalia ukingo na atapata kidonda.

Kikanyagio nacho kisogee. Ukilainisha egemeo ukaacha kikanyagio kigumu, nguvu yote inakwenda miguuni na kiuno kinanyanyuka. Hata bamba lenye mpira mnene chini yake, linaloshuka sm 2 likisukumwa, linapunguza. Ukitaka goti nalo linyooke, pini yake iwe usawa wa goti, kwa sababu ile ile ya Beringi.

Kula. Egemeo lifungwe kwa pini ya kuzuia, wima, kidevu kimeinama kidogo. Kichwa kikiwa nyuma chakula kinaelekea njia ya hewa.

Mwisho, kama mkazo umezidi ghafla wiki hizi, uliza choo, mkojo, jino, kiatu kinachobana, kidonda cha mgongoni. Na kama anatumia baclofen, dawa ya kulegeza misuli, isiachwe ghafla kwa sababu kiti kipya kimemtuliza.

---

fundi_skwea

Nashukuru sana. Tumempima leo, mama yake akishika kiuno.

Nyonga kulia 95, kushoto 90. Goti, nyonga ikiwa 90, kulia linafika 100, kushoto 105, na kikanyagio kilikuwa kinamweka kwenye 115. Kwa hiyo dada wa Tanga umepiga penyewe. Tumemwekea kisanduku cha mbao chini ya nyayo, magoti yakiwa 90. Bado anajinyoosha, ila sasa mara nyingi kiuno kinarudi chenyewe.

Mizani: kilo 12, mara nne kati ya sita. Kimo sm 35 juu ya nyonga. Nyonga iko sm 7 juu ya godoro na sm 9 mbele ya egemeo. Kina cha kukalia kilizidi sm 4!

---

TibaKazi_Tanga

Sm 4 ni nyingi, hapo ukingo wa godoro ulikuwa unamsukuma nyuma ya magoti. Punguza kina, hamisha kikanyagio, mwache siku chache hivyo kabla ya springi, kisha rudia mizani. Namba yako inaweza kushuka. Kushoto 90 ndiyo kikomo chake, kwa hiyo usianzie 90 kamili, mpe nafasi: pembe ya kuanzia iwe 95, ifunguke hadi 110.

---

Beringi6201

Nakubali, lakini hesabu tuifanye kwa kilo 12 hizo. Zikishuka utaongeza au kupunguza mwenyewe.

Kilo 12 mara sm 35 ni 420. Hiyo ndiyo nguvu ya kugeuza ambayo egemeo liifikie likiwa wazi mwisho, nyuzi 15. Lisianze kusogea kwa kila pumzi, kwa hiyo theluthi moja, 140, iwe ya kubanwa tangu mwanzo. Ukiweka springi sm 10 kutoka kwenye pini, mwendo wake wa nyuzi 15 ni sm 2.6. Mwanzo inabeba kilo 14, mwisho kilo 42. Tofauti ni 28, gawa kwa 2.6, unapata karibu kilo 11 kwa sentimita. Kilo 14 za kuanzia unazipata kwa kuibana sm 1.3 kwa nati.

Sasa ile 750 yako. Namba hiyo ni ratili kwa inchi. Zidisha kwa 0.179, ni kilo 134 kwa sentimita. Ukiifunga sm 10 kutoka kwenye pini, egemeo lifunguke mwisho, binti atalazimika kusukuma kwa karibu kilo 100. Utakuwa umetengeneza egemeo gumu lenye springi ya mapambo. Ukiisogeza karibu na pini inalainika haraka, kwa sababu umbali unahesabika mara mbili, lakini kwa mtoto huyu ingebidi iwe chini ya sm 3. Hapo pini inabeba kilo 150 na uchakavu mdogo wa bushi unakula mwendo wote. Shokapu za baiskeli ziache kwa mtu mzima: anayesukuma kilo 20 kwenye sm 45, ile ya 550 ikiwa sm 5 kutoka kwenye pini inamkaa vizuri.

Nenda kwa wauza vyuma chakavu na mizani ya bafuni. Weka springi juu ya mizani chini ya presi, ibonyeze sm 2 kamili, soma kilo, gawa kwa mbili. Unatafuta mbili za kilo 5 hadi 6 kwa sentimita, moja kila upande, kwa sababu anayejinyoosha kwa upande mmoja zaidi atalipinda egemeo lenye springi moja katikati. Kila moja itabanwa jumla ya karibu sm 4, kwa hiyo mianya kati ya mizunguko ikijumlishwa iwe sm 5 au zaidi, la sivyo zitagusana kabla ya mwisho na egemeo litagonga kama ukuta.

Springi tupu inarudi kwa kishindo na kumtupa mbele, na kutupwa huko kunamshtua anyooke tena. Weka washa za ngozi au nailoni kwenye pini, ukaze mpaka egemeo tupu likiachiwa kutoka mwisho linarudi kwa sekunde moja hadi mbili. Ukizidisha, halitarudi kabisa. Shokapu ya pikipiki ina mafuta yanayopunguza kasi ya kurudi, hiyo ni faida, ila nyingi zinataka kusimama. Ukiilaza, hewa inaingia kwenye vali na inakufa. Viti vya dukani vya Ulaya na Marekani vingi vinatumia vipande vya mpira vya ugumu tofauti badala ya springi, maana mpira unajipunguzia kasi wenyewe. Vya tairi kuukuu nisingekushauri, vinabonyea na havirudi.

Kitu kimoja ambacho wengi wanasahau: kiti hiki kinalazwa nyuma? Nusu ya uzito wa binti, kilo 12, iko kwenye sm 20 hivi juu ya nyonga. Ukikilaza nyuzi 20 egemeo linabeba kama 80, springi inastahimili. Ukikilaza 40 inafika 154, imepita zile 140, na egemeo linafunguka lenyewe mtoto akiwa amelala tu. Weka kizuizi cha kulaza kwenye 30.

Kwenye mwisho wa mwendo wa mbele na wa nyuma weka bolti yenye kichwa cha mpira.

---

fundi_skwea

Kinalazwa, hadi 35. Nitaweka kizuizi. Kupinduka je? Magurudumu ya nyuma yako chini ya bomba za egemeo kabisa.

---

Beringi6201

Egemeo likifunguka, kichwa na mabega vinakwenda nyuma ya ekseli. Rudisha ekseli sm 4 hadi 5 nyuma, na weka magurudumu madogo ya kuzuia kupinduka, yawe sm 3 kutoka ardhini. Jaribu bila mtoto: mfuko wa mchanga wa kilo 12 uufunge juu ya egemeo, lifunguliwe mwisho na kufungwa kwa pini, kiti kipande mteremko wa mlangoni kwao. Kisipopinduka hapo, mteremko huo wa kwao kinaumudu.

---

fizio_mvita

Na siku ya kwanza dakika 20 tu, kisha mtoe uangalie ngozi: kisogo, mgongo wa chini, mkia. Wekundu usiofutika baada ya nusu saa, rudisha kiti karakana. Kwa siku kadhaa ongeza muda polepole. Usishangae siku mbili za mwanzo akajinyoosha zaidi, anajaribu mwendo mpya. Ikiwa baada ya wiki anakaa amefungua egemeo muda wote bila kurudi, springi ni laini au imepoteza kubanwa kwake.

Fundi, funika springi zile. Huyu binti ana wadogo zake, na mianya ile inapenda vidole.

---

fundi_skwea

Mpira wa ndani wa baiskeli utatosha?

---

Beringi6201

Wa pikipiki. Wa baiskeli haupiti kwenye springi. Ufunge juu tu, chini uache wazi maji yatoke, na mama akague nati kila Jumamosi. Pini ikicheza zaidi ya mm 1, badilisha bushi, usikaze.